Usinitaje Huko Singida

Rehema,

Kabla hujapanda basi kesho, ujue unakwenda mji wa nani. Singida ile ukiondoa mawe yake na upepo wake, kitu cha tatu kinachojulikana ni mimi mjomba wako. Siku niliyoingia mjini pale kwa mambo ya afya, wewe hujazaliwa, mkubwa mmoja alitoka ofisini na kalamu bado iko mkononi akauliza, "Huyu ndiye?" Wakamjibu ndiye. Akarudi ndani akafunga mlango, akasema leo hataki kuona mtu mwingine, ameshamwona wa kumtosha. Hayo wewe huwezi kuyajua, na mama yako hawezi kukuambia, kwa sababu mama yako habari zangu nzuri huwa hazimkai kichwani.

Salamu sijaandika kwa kuwa na wewe hukunipa. Jana umepita mbele ya nyumba yangu na ndoo kichwani, ukasema shikamoo huku miguu inakwenda. Shikamoo ya kutembea siyo shikamoo. Hiyo ni kumtupia mtu ganda la ndizi. Nikaitika marahaba na wewe umeshafika kwenye zizi la jirani.

Naandika mchana huu, mke wangu na wenzake wanapura alizeti hapo uani na vumbi linaingia mpaka kwenye karatasi, kwa hiyo ukikuta mahali pamechafuka siyo machozi. Karatasi nimezichana kwenye daftari ambalo nimelitunza muda mrefu. Mwandiko wangu utausoma tu. Niliishia darasa la nne, lakini darasa la nne la wakati wetu lilikuwa na uzito, mwalimu mwenyewe aliogopa kuniita ubaoni.

Mambo ya kuvaa sweta, na kulinda simu, na kutokula ovyo stendi, hayo mama yako atakuambia mpaka masikio yakuume. Mimi nina moja tu. Huko uendako usinitaje. Wakikuuliza umetoka kijiji gani, wataje kijiji. Wakikuuliza kwenu kuna nani, sema kuna mama. Jina langu liache hapahapa, lina kazi zake.

Usifikiri hasira yangu ni ya leo. Imeanza siku mlipokuja na kikundi chenu, wewe na wale wanawake sita na madaftari, mkazunguka nyumba yangu kama watu wanaotafuta ng'ombe wa wizi. Mkaangalia choo. Mkaangalia kibuyu chirizi, kile kidumu cha kunawia mikono mlichoniamuru nikitundike kwa kamba nje ya choo. Ukakikanyagia ule mti wake, kikainama, hakikutoa hata tone. Ukasema, "Mjomba, kimekauka." Ukaandika. Mbele ya mke wangu, mtoto niliyembeba mimi begani, unaniandika kwenye daftari kama mshitakiwa. Nikasema kimekauka kwa sababu ya jua. Mke wangu akasema, "Jua lipi hilo linalokunywa maji tangu Pasaka?" Wote mkacheka, na wewe ukacheka. Nilikuona.

Halafu mkutano wa kijiji wa kukupitisha uende mafunzo Singida. Ndiyo, nilisimama kupinga, na sijaomba msamaha, na huu siyo msamaha. Nilisema mwanamke hawezi kuachiwa afya ya kijiji kizima, na msichana huyu hajazaa hata mmoja, atamfundisha nani kunyonyesha. Nikaona nimesema vizuri. Mama Sara, yule mwenye mdomo wa tarumbeta, akanirukia palepale: "Na wewe Daktari, ulinyonyesha wangapi?" Watu wakaanguka chini kwa kicheko. Mwenyekiti mwenyewe akaficha uso kwenye kofia.

Hicho kicheko ningekimeza. Nimekula vicheko vingi hapa kijijini na bado nimenona. Ni wewe. Ulisimama kwa adabu zote, ukapiga goti kidogo, ukasema, "Shikamoo mjomba. Mimi nauliza tu. Ulipokwenda mafunzo yale, mlifundishwa nini?"

Nikasema mambo yale ni ya ndani, hayasemwi hadharani.

"Hata moja mjomba?"

Nikakaa chini. Mwenyekiti akaita mikono. Ikaenda juu yote. Mke wangu alinyoosha miwili.

Sasa sikiliza. Nimekaa siku nne nimekununia, na siku nne hizo nimetafuta jibu la swali lako. Nitakujibu. Lakini nitakujibu kwa njia yangu, na usiponisoma mpaka mwisho utakuwa umenidharau mara ya tatu.

Mwaka ule kijiji kililetewa barua. Kila kijiji kitoe mwanamke mmoja, anayejua kusoma na anayeaminika na wenzake, aende Singida wiki mbili akafundishwe kuongoza wanawake wenzake katika mambo ya afya: uzazi, chanjo, chakula cha watoto, maji, vyoo. Jambo lilelile unaloliendea kesho, ila nyinyi mmeongezewa miezi. Mkutano ukamchagua mama yako. Hapakuwa na ubishi. Alikuwa amemaliza la saba, na hata bila barua wanawake walikuwa wanamfuata. Pale kisimani akisema ng'ombe wasinywee upande huu, hawanywei. Baba yako alikuwa amemwoa karibuni, na yeye akasema sawa.

Lakini babu yako alikuwa ameshafariki, na kwetu sisi Wanyiramba unajua mwenyewe, kaka wa mama ni mtu. Mtoto wa dada yangu ni wangu kabla hajawa wa mtu mwingine, na dada mwenyewe hatoki bila neno langu. Wakaja kwangu kuchukua neno. Nikawaambia haendi.

Mama yako akauliza, "Kwa nini kaka?"

Nikasema, "Mimba changa haipandi basi." Maana ulikuwa tumboni, miezi miwili.

Akasema, "Mimba changa inachota maji kisimani mara nne kwa siku, basi litaifanya nini?"

Nikasema nimeshasema. Akanyamaza. Mama yako akinyamaza huwa hajakubali, ila wakati ule nilikuwa sijajua tofauti. Kisha nikamwambia mwenyekiti wa wakati ule kwamba nafasi isipotee bure, nitakwenda mimi. Akasema barua inataka mwanamke. Nikamwambia barua haijaniona.

Nikuambie ukweli wa kiume: sikumzuia kwa sababu ya mimba. Nilimzuia kwa sababu walipotaja jina lake watu walipiga makofi, na mimi nilikuwa nimesimama palepale karibu naye, kaka mtu, na hakuna aliyegeuka kuniangalia.

Asubuhi ya safari alikuja kunisindikiza. Alikuwa ameshajiandalia daftari lake jipya na kalamu, akanipa. Akasema, "Kaka, uniandikie kila kitu. Ukirudi utanisomea." Akanifungia na viazi vya kuchemsha. Huyo ndiye mama yako unayemwona anapita kwangu bila kukaa.

Nikaenda. Nikarudi. Na niliporudi, Rehema, nilirudi mkubwa. Nilisema tulifundishwa na watu waliotoka ng'ambo. Nilisema siku moja wataalamu walishindwa kumshona mtu aliyepasuka tumbo, nikaombwa nisogee. Nilisema tulipewa vyeti vikubwa kama mlango, na changu kililiwa na mchwa pamoja na daftari. Mama yako alipouliza daftari liko wapi nikamwambia hivyohivyo, mchwa. Akaniangalia. Akasema, "Mchwa wa Singida wana haraka." Basi.

Watu wakaanza kuniita Daktari. Nikuambie kitu hapa, na sikufundishi, nakuambia tu. Na wewe watakuita. Siku ya kwanza utakataa, ya pili utacheka, ya tatu utaitika. Mimi niliitika siku ya kwanza, na nilikuwa mbali, nilikimbia kwenda kuitika.

Ukishaitwa Daktari, watu wanakuja. Wanakuja na mtoto, na kikohozi, na mguu. Huwezi kumwambia mtu aliyekuja na mtoto kwamba hujui. Yaani unaweza. Ni neno moja tu na halina uzito, mtoto wa darasa la kwanza analitamka. Mimi lilinishinda. Kwa hiyo nikawa natunga. Mengi niliyotunga hayakuwa na madhara, maji ya majani, kulala ubavu wa kulia, vitu vya kumfanya mtu arudi kwake ameridhika. Lakini mama mmoja aliniuliza mbele ya watu, mtoto akiharisha tufanyeje. Nikafikiri kidogo, nikasema asipewe maji, maana maji unayompa ndiyo yanayotoka. Debe linalovuja huongezi maji, unaliacha likauke. Watu wakatikisa vichwa kukubali. Debe wanalijua. Likawa somo langu kubwa. Zaidi ya mwaka nimelisema, kila penye watu.

Katikati ya hayo ukazaliwa wewe. Ulipokuwa na miezi minane, ukaharisha.

Mama yako alikuja na wewe mgongoni, saa sita za mchana, jua kali kama la leo, na uani kwangu kumejaa watu tunapura mtama. Akakushusha. Macho yalikuwa yamezama, na hapa utosini pamebonyea, kidole kingelala. Akasema, "Kaka, tangu jana. Nimpe nini?"

Watu wote wakanigeukia. Ndiyo kitu nilichokuwa nakitaka maisha yangu yote, watu wanigeukie.

Nikasema, "Usimpe maji. Mwache akauke."

Akauliza, "Kaka, kweli ndivyo mlivyofundishwa?"

Nikasema ndivyo.

Akakubeba akaenda. Akanitii mchana ule wote mpaka kesho yake. Asubuhi ulilia, na machozi hayakutoka. Hapo hakuuliza mtu. Alikufunga mgongoni akatembea kwenda Kiomboi hospitali, alitoka kabla ya jua, akafika jua likiwa kichwani. Kule wakamkalisha na kikombe na kijiko. Kijiko, unasubiri. Kijiko, unasubiri. Siku mbili. Ndiyo maana uko hai na unaniandika kwenye daftari.

Nitakuambia kilichonimaliza, na nilisimuliwa na mama wa kijiji cha pili aliyekuwa kitanda cha jirani. Muuguzi alimuuliza mama yako kwa ukali, "Nani alikuambia usimpe mtoto maji?" Mama yako akajibu, "Hakuna mtu. Nilikosea mwenyewe."

Alirudi na wewe umechangamka, akapita hapa kwangu. Nikamkaribisha. Nikamwambia mke wangu alete maji, mgeni ametembea. Mama yako akasema, "Asante kaka, sina kiu." Kutoka Kiomboi kwa miguu, na mtoto mgongoni, hana kiu. Na tangu siku ile mpaka leo hajawa na kiu hapa kwangu. Amekuja misibani, amekuja kwenye harusi ya binti yangu, amepika, ameosha vyombo vya watu mia, na maji ya nyumba yangu hajanywa. Anakuja na chupa yake. Watu wanadhani ni mambo ya usafi.

Hatujawahi kugombana. Ningependa tugombane. Mtu akikugombeza unajibu, na mimi kujibu najua.

Sasa unaona kwa nini swali lako pale mkutanoni lilinikalisha. Ulisema karibu maneno ya mama yako, na sauti ni yake. Nikajua hujatumwa, hujui, unauliza tu. Hiyo ndiyo mbaya zaidi. Uongo nilioutoa uani mbele ya watu ulishakuwa wa kijiji kizima, nisingeweza kwenda kuuokota kimyakimya kama mtu aliyeangusha kofia. Siku ile ya mtama, ningesema mpeni maji, wangeuliza, mbona kila siku unasema vingine? Basi nikachagua kutoulizwa. Ukifika huko utasomeshwa mambo mengi ambayo mimi siyajui, lakini hili halimo kwenye masomo yao: mtu akikuuliza kweli ndivyo, usijibu haraka. Na ukishajibu vibaya, rudi siku hiyohiyo, hata watu wakiwa wamejaa. Kesho yake inakuwa nzito. Keshokutwa unaanza kumchukia aliyekuuliza.

Mimi nimekuchukia wiki hii. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli. Na sikupinga kwenye mkutano kwa sababu wewe ni mwanamke, ingawa nilisema hivyo na nilisema kwa sauti. Nilipinga kwa sababu ya ile barua yako ya kuitwa. Uliileta mwenyewe hapa nikusomee, kwa heshima, mwanzoni kabla hatujaanza kununiana, ingawa kusoma unajua kuliko mimi. Nikasoma mpaka chini, kwenye jina la mkufunzi mkuu, nikakurudishia nikasema ina makosa. Haikuwa na makosa. Jina lile nalijua. Mama Nyemo wa Kilimatinde.

Tulikuwa naye darasa moja mwaka ule. Yeye alibaki, akamaliza, akarudi kwao akaongoza wenzake, sasa anawafundisha nyinyi. Ni Mgogo, mrefu, anaongea taratibu kama mtu anayehesabu mbegu. Ukimtaja mjomba wako na kijiji chako, atakumbuka. Mwanamume alikuwa mmoja tu.

Cheti hakikuliwa na mchwa. Sikumaliza, Rehema. Nilikaa siku moja na kipande. Siku zote zilizobaki za zile wiki mbili nilikuwa Mwankoko kwa rafiki yangu, napalilia vitunguu vyake, mpaka siku wenzangu walipofunga, nikaja stendi nikapanda basi kama mtu aliyehitimu. Na daftari la mama yako mchwa hawakuliona kabisa. Ndilo hili ninaloandikia. Kurasa zake zote zilikuwa nyeupe mpaka leo mchana. Ukimaliza kusoma, mpe yeye. Alichoniagiza nimwandikie sina, nina hiki.

Na la mwisho katika yale makubwa. Siku ya pili ya mafunzo niliugua tumbo. Jana yake nilikuwa nimekunywa maziwa ya mgando sokoni, vibuyu viwili, kuwaonyesha watu. Mama Nyemo ndiye aliyenifuata nje. Alinikorogea maji na sukari na chumvi kwenye kikombe cha bati, akasema, "Kunywa baba, kidogo kidogo. Watatufundisha hili keshokutwa, lakini mimi mama yangu alishanifundisha." Nikanywa vikombe vitatu. Jioni nikasimama kwa miguu yangu.

Kwa hiyo uani pale, mama yako aliponiuliza, nilikuwa najua. Kikombe kile nilikiona mbele ya macho yangu kama ninavyoiona karatasi hii. Nikasema akauke. Hilo limetoka sasa, na mkono wangu haujakatika.

Utampa mama yako leo au siku utakayorudi, ni juu yako, sikupangii. Hasira yangu juu yako bado ipo, na kibuyu chirizi nimekijaza maji leo asubuhi, lakini siyo kwa sababu yako.

Mke wangu atakuletea furushi hili saa kumi. Ndani, chini ya barua, utakuta kanga ya kijani, imepauka. Mpe Mama Nyemo mkononi. Najua nilisema usinitaje, ila hapo itabidi unitaje, hakuna njia nyingine. Atacheka. Acheke. Lakini sitaki ukaisikie kwake kwanza, mbele ya wenzako, kwa hiyo nakuambia mimi kwa nini alinisitiri kwa kanga yake, na kwa nini sikurudi darasani tena.

Siku ile ya pili, kama saa nne asubuhi, nilikuwa nimesimama mbele ya wanawake wote kujitambulisha upya, maana kujitambulisha kwangu kwa jana yake niliona hakukutosha. Nimefika kwenye neno "mimi," nikajinyea.

Kanga nimeifua mwenyewe.

Mjomba wako